Likasi: Uzito wa kinanda ulivyoamua muziki upigwe na nani

Leo mpiga kinanda wa Likasi anaweza kupanda nyuma ya pikipiki ya manseba, kama wakazi wa Katanga wanavyowaita waendesha pikipiki wa abiria, huku chombo chake kikiwa mgongoni ndani ya mfuko. Miaka 50 iliyopita safari ya namna hiyo isingewezekana. Kinanda cha umeme kilikuwa mzigo wa wanaume wanne, na bendi isiyo na gari haikuwa na kinanda.

Takwimu zinaeleza sababu. Hammond B-3, kinanda cha Kimarekani kilichopendwa na wapiga jazz na kwaya za injili, kilikaribia kilo 190 pamoja na benchi na kanyagio zake. Hapo spika yake ya Leslie, yenye zaidi ya kilo 50, haijahesabiwa. Piano ya umeme ya Fender Rhodes yenye vibonye 73 ilikuwa na takriban kilo 60. Gitaa la mbao halifiki hata kilo tatu.

Hata huko Marekani mzigo huo uliwatoa watu jasho. Jimmy Smith, bingwa wa Hammond katika jazz, alinunua gari la kubebea maiti ili kusafirisha kinanda chake, kwa kuwa lilikuwa refu na sakafu yake ilifaa kusukumia kitu kizito. Wengine walichukua msumeno, wakakikata kinanda sehemu mbili ili kipite mlangoni, kisha wakakiunganisha tena ukumbini.

Gitaa lilikwenda kwa miguu

Katika mji wa migodi kama Likasi, ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni, hesabu hiyo ya kilo ilikuwa na maana kubwa. Wafanyakazi walifika kutoka vijiji vya mbali, wakaishi katika makazi ya kampuni na mitaa ya kando. Ala iliyowafaa ni ile waliyoweza kuibeba wenyewe baada ya kazi.

Ni katika mitaa hiyo, mwaka 1952, ambapo mtafiti Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa. Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Aliyekuwa na mzigo siku hizo ni mtafiti: Tracey alizunguka na gari lililosheheni mitambo ya kurekodia na jenereta. Mwanamuziki alikuwa na gitaa moja tu. Rekodi zake, ukiwemo wimbo "Masanga", zilivuka mipaka hadi Kenya na Afrika Kusini, na mtindo wake wa kudonoa nyuzi kwa vidole ukaigwa na vijana wengi.

Kinanda, kwa upande wake, kilibaki pale kilipowekwa. Kanisa lilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo kijana wa Kongo angeweza kukifikia bila kukinunua wala kukihamisha. Ray Lema, aliyezaliwa mwaka 1946 na baadaye kuwa miongoni mwa wapiga kinanda mashuhuri wa nchi hiyo, alijifunzia seminarini.

Umeme nao ulikuwa na masharti

Uzito haukuwa kikwazo pekee. Mota ya Hammond hufuata mapigo ya umeme unaoiendesha. Kinanda kilichoundwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60, kikichomekwa bila marekebisho kwenye umeme wa hezi 50 unaotumika Kongo, hushuka sauti kwa takriban nusu toni tatu. Jenereta ikilegea katikati ya wimbo, kinanda nacho hulegea, na waimbaji hujikuta wako juu ya ala. Rhodes ilikuwa na tabu nyingine: baada ya kurushwarushwa njiani, vipande vyake vya chuma vilihitaji kusawazishwa upya kabla ya onyesho.

Nafuu ilikuja miaka ya 1980. Yamaha DX7, iliyotolewa mwaka 1983, ilikuwa na takriban kilo 14 na haikuhitaji kusawazishwa. Baada yake vikaja vinanda vyepesi zaidi, vyenye ngoma na besi ndani yake.

Wepesi huo una gharama yake. Mtu mmoja mwenye kinanda anaweza kuhudumia harusi nzima, na mwenye sherehe huona hakuna haja ya kumlipa mpiga ngoma wala mpiga besi. Katika taarabu ya kisasa ya Zanzibar na Dar es Salaam, kinanda kimechukua sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na fidla na akodioni. Mgongo umepumzika, lakini malipo yanagawanywa kwa watu wachache.

Kuna pia suala la ufundi. Vinanda vizito vilifunguliwa kwa bisibisi na kutengenezwa kipande kwa kipande. Waya ukikatika, ulichomelewa. Kinanda cha leo kikiungua kwa sababu umeme umerudi ghafla kwa nguvu kubwa, mara nyingi ubao wake wote hutupwa. Kwa wanamuziki wa Haut-Katanga, ambako kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida, kidhibiti umeme cha bei nafuu kimekuwa kifaa cha lazima. Kiasi cha kilo kinachoongezwa na kifaa hicho kwenye mfuko si kitu, ukilinganisha na bei ya kununua kinanda kipya.