Jani lilipuliziwa nini? Swali la kuuliza kabla ya kununua kitunguu saumu

Mfanyabiashara anayenunua kitunguu saumu Mbulu, mkoani Manyara, ili akivushe Namanga, hutazama kwanza ukubwa wa kichwa. Kichwa kinene na cheupe hupata bei. Lakini wiki chache baadaye, gunia likiwa ghalani Nairobi, vichwa hivyo hivyo vinaweza kuanza kulainika na kuota, na mteja aliyevitaka kwa ajili ya dawa akalalamika kuwa haviwashi. Mara nyingi chanzo kiko shambani, kwenye bomba la kupulizia.

Kitunguu saumu, au swaumu kama wanavyoandika wengi upande wa Tanzania, kikiwa kizima hakina harufu kali. Ndani ya punje kuna alini, kiungo chenye salfa, na kuna kimeng'enya cha kuivunja. Kila kimoja kimetengwa sehemu yake ndani ya seli. Mchi ukishuka, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na kwa sekunde chache tu inazaliwa alisini. Hiyo ndiyo inayochoma ulimi na kuua bakteria maabara. Wakemia Chester Cavallito na John Hays Bailey waliitambua nchini Marekani mwaka 1944.

Sasa, sehemu kubwa ya malighafi ya alini hutengenezwa kwenye majani, kisha hushuka wakati kichwa kinajaa. Kwa hiyo kinachopuliziwa juu kinafika chini. Mmea ukikosa salfa, ukali hupungua hata kama kichwa ni kikubwa. Mkulima anayetegemea urea peke yake anaupa mmea naitrojeni asilimia 46, bila salfa yoyote. Mwenzake anayetumia SA anatoa naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24.

Salfa ya kupulizia inaweza kusaidia pale udongo ulipochoka, mradi majani yangali mabichi. Haiwezi kuchukua nafasi ya mbolea ya chini. Jani la kitunguu saumu ni jembamba na lina nta, matone huteleza. Anayepulizia saa sita mchana bila kitu cha kuyagandisha anamwagia ardhi fedha zake.

Hasara kubwa ya mnunuzi hutokana na busta yenye naitrojeni nyingi iliyopuliziwa mwishoni mwa msimu. Majani hubaki ya kijani na kupendeza (wauzaji wa busta wanalijua sana hilo), lakini zao huchelewa kukomaa na shingo hubaki nene. Shingo nene haikauki vizuri, na uozo huingilia hapo. Ni maji yanayopimwa kwenye mizani, na anayeyalipia ni mchuuzi.

Katika baadhi ya nchi hupuliziwa pia dawa ya kuzuia kuota, malei haidrazaidi. Ni lazima ikute majani yakiwa bado hai ili ishuke kwenye kichwa. Ikiwahi mno, kichwa huwa laini kama sponji. Tena huacha mabaki, na mabaki yana viwango vyake kisheria, hivyo asiyejua kama ilitumika anabeba mzigo asioujua.

Kuna na seleniamu, ambayo mmea huichukua kama vile ni salfa. Anayedai kitunguu chake "kimeongezwa dawa" kwa njia hiyo aulizwe kipimo. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 55 tu kwa siku, na nyingi ni sumu.

Shambani, mnunuzi aminye shingo: iwe kavu na nyembamba. Aponde punje moja, asubiri kidogo, kisha aonje. Aulize busta ya mwisho ilipuliziwa lini na maji yalikatwa lini. Ulimi unatosha kwa soko la kawaida, ingawa aina za mbegu hutofautiana. Kwa wanaolenga viwanda vya unga wa dawa, maabara haikwepeki: kanuni za dawa za Ulaya zinataka unga utoe alisini isiyopungua asilimia 0.45.

Mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini cheti cha afya ya mimea kinabaki palepale. Afisa wa mpakani atatafuta wadudu na magonjwa. Ukali haumo kwenye fomu yake.