Picha moja ya gofu yaweza kumgharimu mchezaji mkwaju

Na Mwandishi Wetu, Babati

MPIGAPICHA aliyezoea harusi na mahafali mjini Babati ana desturi ya kuwapanga watu: sogea kidogo, inua kidevu, shika keki hivi. Desturi hiyo hiyo akiipeleka kwenye mashindano ya gofu mkoani Arusha, takriban kilomita 170 kutoka mjini hapa, aweza kumharibia mchezaji siku nzima.

Tuseme mpira umetua nyasini na nembo yake imeelekea chini. Mpigapicha anamwomba mchezaji augeuze kidogo ili nembo ionekane, naye kwa uungwana anakubali. Kwa sheria za gofu, mchezaji aliyegusa kwa makusudi mpira wake uliotulia, pasipo kuruhusiwa na kanuni, huongezewa mkwaju mmoja wa adhabu, na mpira hurudishwa mahali pake.

Akiombwa avunje tawi linaloziba uso wake na tawi hilo likawa katika njia ya fimbo yake, adhabu ni mikwaju miwili. Picha itapendeza, lakini kadi ya matokeo itakuwa imechafuka.

Mpigapicha akiusogeza mpira yeye mwenyewe, mchezaji haadhibiwi, kwa kuwa aliyeusogeza ni mtu wa nje. Mpira hurudishwa ulipokuwa na mchezo huendelea. Hata hivyo, wapigapicha wa namna hiyo ni nadra kualikwa mara ya pili.

Mkanganyiko mwingi hutokana na gofu ndogo, ambayo wengi huiita minigofu. Huchezwa kwenye bustani za hoteli na viwanja vya burudani, katika njia fupi zenye kingo, madaraja na vizuizi, kwa fimbo moja tu ya kumalizia. Gofu kubwa humruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14.

Katika minigofu, mpira uliogandamana na ukingo huruhusiwa kusogezwa kidogo ili mchezaji apate nafasi ya kuupiga. Kitendo kinacholeta adhabu Arusha hapa ni halali kabisa, na aliyejifunzia kamera kwenye bustani ya hoteli hudhani kuwa ndivyo ilivyo kila mahali.

Hesabu nazo hutofautiana. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Minigofu, mchezaji aliyeshindwa kutumbukiza mpira kwa mikwaju sita huandikiwa saba na kuendelea na njia inayofuata. Katika gofu ya kawaida ya kuhesabu mikwaju hakuna huruma hiyo. Sharti mpira uingie shimoni, hata kama ni kwa mkwaju wa kumi na tano.

Mpira uliopotea katika gofu hutafutwa kwa dakika tatu tu tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019. Kabla ya hapo zilikuwa tano. Mabadiliko hayo yalibadili hata sura ya picha. Zamani, mpira uliopigwa kutoka kwenye nyasi laini zinazozunguka shimo ukigonga mlingoti wa bendera usio na mtu wa kuushika, adhabu ilikuwa mikwaju miwili, hivyo picha nyingi zilimwonyesha msaidizi akiing'oa bendera. Sasa bendera yaweza kubaki shimoni.

Wakati wa kubonyeza kamera nao una adabu yake. Katika gofu, mpigapicha husubiri hadi fimbo iuguse mpira, kwani mlio wa kamera mchezaji akiwa bado anainua mikono humvuruga. Katika minigofu mkwaju ni mfupi na mpira huenda chinichini, kwa hiyo picha nzuri hupatikana kwa kulala kifudifudi upande wa pili wa shimo, bila kumulika macho ya anayepiga.

Mpigapicha akigongwa na mpira uliopigwa kutoka mbali, mpira huchezwa ulipotua. Lakini akigongwa akiwa kwenye nyasi laini za shimo, na mpira umepigwa kutoka hapo hapo, mkwaju hauhesabiwi na hurudiwa. Kama ulikuwa unaelekea shimoni, mchezaji atalikumbuka jina la mpigapicha huyo.

Kuna kanuni moja ambayo watu wa Babati, wanaoishi jirani na viboko wa Ziwa Babati, wataielewa upesi kuliko wengi. Klabu ya Jinja, Uganda, imejulikana kwa miaka mingi kwa kumruhusu mchezaji kuutoa mpira ulioingia katika unyayo wa kiboko bila adhabu. Kanuni za jumla nazo humruhusu kuuhamisha mpira uliotua karibu na mnyama wa hatari.

Kwa mpigapicha anayetaka kumsogelea mnyama huyo ili picha ipendeze, kanuni hazina nafuu yoyote.