Amana ya Gari na Safari Yetu ya Puerto Escondido

Menyu ilikuwa imeandikwa $180 kwa sahani ya samaki. Mmoja wetu akapiga hesabu haraka kwenye simu, akapata zaidi ya Sh23,000. Akaifunga menyu polepole, akasema yeye hana njaa. Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna shida. Kule Mexico alama ya dola ndiyo hiyo hiyo wanayoandikia peso, na wakati huo peso moja ilikuwa karibu shilingi 7. Samaki yule basi alikuwa kama Sh1,260, bei ambayo hata Diani ungelipa bila kunung'unika.

Ila kuna mwenzetu mwingine pale mezani ambaye pia alisema hana njaa, na yeye hakuwa amekosea hesabu. Hatukumtilia maanani. Stori yake ndiyo imetufanya tuandike makala hii, kwa sababu iliyomkuta inaweza kumkuta yeyote anayekodi gari nje ya nchi, na sisi tunaojiita watu wa pesa za simu hatukuiona ikija.

Tulikuwa wanne kutoka Nairobi. Tuliweka akiba miezi 11, kila mtu akituma mchango wake kwa mweka hazina tarehe 5, na ya kutolea juu, maana bila hiyo kuna mtu hulia. Mpango ulikuwa kufika Mexico City, kukodi gari, kupitia Puebla na jiji la Oaxaca, halafu kushuka hadi Puerto Escondido kwenye bahari ya Pasifiki. Zamani kipande hicho cha mwisho, kutoka Oaxaca hadi pwani, kilikuwa zaidi ya saa sita za kona milimani. Februari 2024 ilifunguliwa barabara mpya, na sasa ni kama saa tatu hivi. Kona bado zipo, lakini tumbo linavumilia.

Kwenye kaunta ya magari ndipo mambo yalipoanza. Ile bei nzuri tuliyoiona mtandaoni haikuwa na bima ya kuwafidia watu wengine ukisababisha ajali, na bima hiyo ni lazima. Ukikodi gari Mexico, uliza bei ikiwa na bima hiyo ndani kabla hujalipa chochote, la sivyo utashangaa kaunta ukiwa umechoka na ndege. Tulilipa. Kisha mhudumu akaomba kadi ya mkopo kwa ajili ya amana. Tukatoa kadi ya pesa za kikundi, ile ya kulipia kwanza, ikakataliwa. Kadi za kawaida za benki nazo hawakuzitaka. Kati yetu wanne, mmoja tu alikuwa na kadi ya mkopo. Akaitoa bila neno, tukampigia makofi.

Amana ilikuwa peso 16,000, yaani kama Sh112,000.

Hapa tuelezane vizuri, kwa sababu wengi hudhani amana ya aina hii ni malipo, na wengine hudhani ni maandishi tu. Si malipo wala si maandishi tu. Kampuni ya magari inaiomba benki yako itenge kiasi fulani kando. Pesa haijatoka, haijafika kwao, lakini wewe huwezi kuigusa. Kadi yako ikiwa na kikomo cha Sh150,000 na Sh112,000 zimetengwa, una Sh38,000 za kutumia, basi. Ukirudisha gari salama, kampuni inaiambia benki iachilie. Hata hapo haiachiliwi papo hapo kama pesa ya simu inavyoingia. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, kutegemea kampuni na benki yako.

Kikomo cha mwenzetu kilikuwa hizo Sh150,000 kamili. Kadi hiyo ndiyo aliyokuwa ameitegemea kwa matumizi yake yote, na siku ya pili alilipia nyumba yetu ya Puerto Escondido, Sh30,000, kwa sababu sote tulikuwa tumezoea kusema "weka kwa yako tutasawazisha". Alibaki na Sh8,000 za siku nane. Hakusema.

Sisi wengine tulikuwa na mambo yetu. Tulijifunza kwamba kwenye vituo vya mafuta kuna mtu wa kukujazia, na kwamba ni vizuri kuhakikisha mashine inaanzia sifuri kabla hajashika mpira. Tulijifunza pia kubeba noti ndogo za peso kwa vituo vya kulipia barabara, ambavyo ni vingi. Matuta ya vijijini yanaitwa topes, na ni makali kushinda ya kwetu, tunaapa. Na huku wanaendesha upande wa kulia, kwa hivyo kila tulipokata kona kulikuwa na mtu wa kupiga kelele nyuma.

Kwenye ATM ya Oaxaca tulipoteza pesa kizembe. Mashine ilionyesha skrini mbili. Ya kwanza ilitaja ada yake ya kutoa, na hiyo hukwepi. Ya pili ilituuliza kama tunakubali kubadilishiwa kwa kiwango chao, ili tuone kabisa kiasi kwa shilingi. Ilionekana kama msaada, tukabonyeza ndiyo. Kiwango chao kilikuwa shilingi 7.60 kwa peso, wakati benki yetu ingetukata kwa 7.10. Kwa peso 5,000 hiyo ni tofauti ya Sh2,500, bei ya samaki wawili wa pale. Ukikataa ubadilishaji huo, mashine bado inakupa pesa zako, na benki ya nyumbani inafanya hesabu. Kataa. Hata kwenye mashine za kadi dukani wakikuuliza peso au shilingi, sema peso.

Puerto Escondido ni kuzuri, tusidanganyane. Zicatela ina mawimbi ya kutisha, ya watu wanaojua ubao. Sisi tulikaa mchangani tukawaangalia. Kuogelea tulienda Carrizalillo, ambako unashuka ngazi nyingi na maji yametulia. Mama mwenye nyumba alituambia yuko kwenye tanda na majirani zake, kila wiki wanachanga na mmoja anachukua zote. Tukamwambia kwetu ni chama. Akacheka, akauliza kama na kwetu kuna mtu huchukua wa kwanza halafu akapotea. Tulimwambia hayo yapo hadi huku.

Ni usiku huo ndio tuligundua. Mwenzetu alikuwa amekataa chakula cha jioni mara ya tatu, akisema tumbo. Mmoja wetu akaingia jikoni akamkuta anakula tortilla tupu na chumvi. Hapo ndipo alipoeleza. Aliona aibu kutuambia, sababu ni yeye aliyejitolea na tulishampigia makofi.

Tulikaa kimya kidogo. Halafu tukafanya lile tulilopaswa kufanya kwenye kaunta: tukagawa amana kwa wanne. Peso 16,000 ni peso 4,000 kila mtu. Sisi watatu tukatoa peso zetu kwenye ATM, tukampa peso 12,000 mkononi, na tukaandika kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba benki ikiachilia, atatutumia kila mtu Sh28,000 kwa simu. Za nyumba nazo tukazisawazisha usiku huo huo kwa kutumiana shilingi kutoka laini moja ya Kenya hadi nyingine, tukiwa tumeketi meza moja upande wa pili wa dunia. Tulisoma jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN, maana usingizi na vidole havielewani.

Jambo moja karibu liharibu hata hilo. Wawili wetu walikuwa wametoa laini za Kenya ili waweke za Mexico, na laini moja ilikuwa imeachwa kwenye bahasha Oaxaca. Ujumbe wa kuthibitisha malipo ya kadi huenda kwenye laini yako ya nyumbani. Iache ndani ya simu, iwe imewashwa kupokea ujumbe ukiwa nje, na laini ya kigeni iingie kwenye nafasi ya pili. Kama simu yako ni ya laini moja, tafuta intaneti kwa njia nyingine.

Gari tulirudisha Mexico City likiwa na vumbi tu. Tuliomba karatasi ya kuonyesha limepokelewa bila kasoro, tukaipiga picha. Benki iliachilia amana siku ya tisa, tukiwa tumesharudi kazini. Saa 4:12 asubuhi, simu tatu zikalia pamoja ofisini: Sh28,000, Sh28,000, Sh28,000. Na ya kutolea.