Unga Mwekundu Nyuma ya Kifuniko

Kijana alifika gereji akiisukuma pikipiki yake. Injini ilikuwa inawaka vizuri na gia inaingia, lakini akiachia klachi injini inanguruma tu, gurudumu halisogei. Cheni ilikuwa mpya, haijamaliza wiki, na sproketi zote mbili mpya. Nilipofungua kifuniko kidogo cha upande wa kushoto wa injini, sproketi ya mbele ilitoka kwa vidole viwili, na unga mwekundu ukamwagika kama wa tofali lililosagwa. Shafti iliyoibeba ilikuwa laini kama kidole, haina jino hata moja. Ilibidi injini ipasuliwe yote ili kubadili chuma kimoja, na kwa siku nne kijana hakuwa na hesabu ya kumpelekea bosi wake.

Shafti ile haikufa wiki ile. Ilikuwa inakufa kwa miezi, mahali ambapo hakuna anayechungulia.

Sproketi ya mbele haichomelewi kwenye shafti. Shafti inayotoka kwenye giaboksi imechongwa meno marefu kuizunguka, na tundu la sproketi limechongwa meno yanayopokeana nayo. Kinachosukuma ni meno hayo. Katika pikipiki nyingi za bodaboda sproketi huzuiwa isichomoke kwa kibati chenye bolti mbili ndogo za spana namba 10. Katika nyingine kuna nati moja kubwa na washa inayokunjwa ili nati isilegee. Penye kibati, sproketi huachiwa nafasi ya kucheza kidogo kushoto na kulia, ijipange yenyewe na cheni. Mchezo huo ni wa kawaida na usikutishe. Mchezo wa kutisha ni wa kuzunguka, yaani sproketi kwenda mbele na kurudi nyuma ilhali shafti imetulia.

Sasa fikiria kazi inayofanyika hapo. Sproketi ya cheni ya namba 428 ina unene wa milimita 7 hivi, kwa hiyo nguvu yote ya injini, na uzito wote wa abiria wa mshikaki na magunia, unapita kwenye ukanda mwembamba kuliko kidole cha mtoto. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, ya mbele huzunguka mara tatu kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kwa tairi la kawaida la inchi 17, mwendo wa kilomita 60 kwa saa unaizungusha zaidi ya mara 1,600 kwa dakika. Halafu injini yenye pistoni moja haisukumi kwa utulivu, inapiga. Huwaka mara moja kila mizunguko miwili, na kila mpigo ni kigongo kidogo kwenye meno yale. Ukipunguza moto kwenye mteremko, kigongo kinakuja kutoka upande wa pili.

Nafasi kati ya meno ikiwa ndogo na ikiwa na grisi, vigongo hivyo havina madhara makubwa. Ikiwa kavu, vyuma viwili vinasuguana kwa mwendo mdogo usioonekana kwa macho. Chembe zinabanduka, zinashika kutu papo hapo, na kutu hiyo ni ngumu, inasaga kama msasa. Ndiyo unga mwekundu niliouona. Ukiukuta, jua chuma kinaliwa tayari, hata kama pikipiki inakwenda vizuri.

Tatizo hili halichagui pikipiki za bei rahisi. Honda XR650L na Africa Twin za zamani za XRV750, pikipiki za safari ndefu zinazosifiwa kwa uimara, zinajulikana kwa wamiliki wake kwa kuliwa shafti mahali hapohapo.

Ninachokiona mara nyingi gereji ni cheni iliyobanwa kupita kiasi. Dereva anasikia cheni ikigonga boksi linaloifunika, anaikaza hadi inalia kama waya wa gitaa, anaondoka ameridhika. Gurudumu la nyuma likipanda na kushuka, umbali kati yake na shafti hubadilika, na huwa mrefu kabisa pale shafti, bolti ya mkono wa nyuma na ekseli zinapokaa kwenye mstari mmoja. Cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu, abiria wawili wakipanda, haina pa kwenda. Inaivuta shafti kwa nguvu zote, beringi inaumia, sili ya oili inaanza kuvuja, na meno yanakandamizwa upande mmoja. Pikipiki nyingi ndogo zinataka cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati ya sehemu ya chini. Angalia kibandiko au kitabu cha pikipiki yako. Zungusha gurudumu na upime sehemu kadhaa, kwa kuwa cheni iliyotumika haichakai sawasawa. Kaza ukifuata sehemu iliyobana zaidi.

Kisha kuna raba za habu ya nyuma, ambazo wengi hawajui hata kama zipo. Kazi yake ni kumeza vigongo kabla havijarudi mbele. Shika sproketi ya nyuma, izungushe mbele na nyuma huku gurudumu limetulia. Ikicheza ovyo, raba zimekufa, na kila unapoachia klachi kwa pupa shafti ndiyo inayopokea. Raba ni za bei ndogo mno kulinganisha na kupasua injini. Zibadilishe.

Cheni nayo ipime kwa rula. Cheni ya 428 ikiwa mpya, pingili 20 zina urefu wa milimita 254. Ikifika 259 imechoka, na kuivalisha sproketi mpya ni kuitafuna sproketi hiyo. Badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja. Kuhusu kulainisha, nimeona vijiweni watu wakimwaga oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ni afadhali kuliko cheni kavu, lakini oili hiyo ina chembe za chuma na inanasa vumbi. Oili ya gia ya namba 90, kidogo kidogo kwa ndani ya cheni, kisha futa inayozidi, inatosha. Na tafadhali usilitupe boksi la cheni. Honda ilipotoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi zetu na nyingine zenye vumbi na matope, iliifungia cheni yote ndani ya boksi, na haikuwa kwa ajili ya urembo.

Sproketi ya mbele yenyewe isinunuliwe kwa bei peke yake. Kabla ya kulipa, ivalishe kwenye shafti ukiwa dukani au gereji. Iingie bila kugongwa nyundo, na ikishaingia isitikisike kwa kuzunguka. Safisha meno ya shafti kwa brashi na mafuta ya taa, yakaushe, kisha paka grisi nyeusi yenye molibdeni, safu nyembamba tu. Bolti zile ndogo zikazwe kwa mkono wenye adabu, na washa ya nati kubwa iwe mpya. Fundi anayekaza nati hiyo kwa patasi na nyundo anaigonga beringi ya giaboksi kila pigo, mzuie.

Na shafti ikishaliwa? Kama sproketi mpya halisi inacheza kidogo, gundi ya chuma ya kushikiza beringi inaweza kukupa muda. Vipande vya bati vinavyosokomezwa kwenye meno havikai. Kuchomelea kunaifanya pikipiki itembee, nami sitamlaumu mtu aliyekwama porini, lakini moto ule unaua ugumu wa chuma na kuunguza sili, na sproketi ikiisha itabidi ikatwe kwa mashine. Tiba ya kweli ni shafti mpya.

Kwa hiyo fungua kifuniko kila unapokaza cheni, komba tope na uangalie rangi. Ni kazi ya dakika 10. Na wewe unayetaka kununua pikipiki iliyotumika, au kupokea ya mkataba, mwombe mwenyewe akifungue mbele yako kabla hamjasaini. Weka gia, shika sproketi ya mbele, izungushe huku na huku. Ikicheza na unga mwekundu ukimwagika, bei mliyokubaliana haijahesabu injini kupasuliwa. Muuzaji akikataa kukifungua, usinunue.