Mwanga wa Taa Katika Picha ya Uso

Somo la leo ni habari za mwanga katika studio ya picha. Huenda wewe ni fundi, au wataka tu kuwapiga picha wazazi wako, ibaki ukutani siku ambayo wao hawapo. Kwa vyovyote, likumbuke neno hili: kamera haimwoni mtu, huona mwanga uliomwangukia mtu ukarudi.

Tuanze na taa moja. Ukiiweka karibu na kamera, ikamtazama mtu usoni moja kwa moja, uso hutoka bapa kama sahani, maana vivuli vyote vimejificha nyuma yake. Basi isogeze kando, kiasi cha digrii 45, uiinue juu kidogo kupita kichwa chake. Mara pua huinuka na mashavu hupata umbo. Tazama shavu lililo mbali na taa. Ukiona pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho, huo ndio mwanga wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyeishi tangu 1606 hata 1669, na ambaye alichora nyuso nyingi namna hiyo.

Taa ndogo iliyo tupu hutoa kivuli kikali, kama jua la saa sita. Taa pana hutoa kivuli laini, kama siku ya mawingu. Kwa hiyo elekeza taa kwenye mwavuli mweupe ili mwanga urudi kwa mtu, au uupitishe katika kitambaa cheupe chembamba. Angalia sana kitambaa kisiguse taa yenye moto. Upande wa kivuli simamisha ubao mweupe au shuka. Huo utarudisha mwanga kidogo, nawe hutahitaji taa ya pili.

Na umbali je? Mtu aliye mita 1 kutoka kwenye taa, akisogea hadi mita 2, hapati nusu ya mwanga, hupata robo. Akifika mita 3, hupata sehemu moja ya tisa. Ndiyo sababu katika picha ya jamaa wengi, aliye karibu na taa hung'aa na wa mwisho humezwa na giza. Dawa yake ni kuirudisha taa nyuma.

Sasa tufike penye jambo linalowashinda wengi. Kipima mwanga cha kawaida cha kamera hakijui uso wala ukuta. Hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Mtu mweusi akivaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe, kipimo huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso hutoka giza, macho hayaonekani. Kosa si la ngozi yake. Hata kadi za Kodak za kusawazishia rangi, kwa miaka mingi, zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu, na rangi zikapimwa kwa ngozi hiyo.

Basi pima mwanga usoni penyewe. Ondoa pazia jeupe, tundika la rangi ya wastani. Tena weka taa pana kando, kwani ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao unaotambaa shavuni na kwenye paji la uso. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, mara nyingi alitumia mwanga wa mchana uani na kitambaa cha maua nyuma ya mteja. Mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa Paris.

Zoezi: mkalishe mwenzako ubavuni mwa dirisha lisiloingiza jua. Mpige picha mara mbili, kwanza bila shuka nyeupe upande wa pili, kisha ukiwa nayo. Linganisha macho yake katika picha hizo mbili.