Kujila kwa Kuchagua: Seli ya Hamira na Wavu Wake wa Ndani

Hamira inayoumua mikate na mahamri yetu ni kiumbe hai cha seli moja. Makala haya yanadhamiria kueleza namna seli hiyo inavyovunja baadhi ya sehemu zake yenyewe, na kwa nini jambo hilo linamhusu pia binadamu.

Ndani ya seli mna wavu wa tando uitwao retikulamu ya endoplazimu. Humo protini nyingi hukunjwa zikapata umbo lake, na mafuta ya seli hutengenezwa. Katika hamira, wavu huu una sehemu mbili kuu: ile inayokizunguka kiini, na ile iliyotanda chini ya utando wa nje wa seli.

Seli ikikosa lishe, hususan naitrojeni, huanza kujila. Utando mpya huchipuka, ukazingira kipande cha seli na kufanyiza kifuko. Kifuko hicho huelekea kwenye vakuoli, ambamo vimeng'enya huyeyusha kilichomo ili kitumike upya. Mjapani Yoshinori Ohsumi aliyachapisha aliyoyaona katika hamira kwa hadubini mwaka 1992, na mwaka 2016 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Wataalamu huuita mchakato huu otofaji, neno lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni huko kujila.

Hata hivyo, neno hilo peke yake laweza kumpotosha msomaji akadhani kuwa seli hujitafuna ovyo. La hasha! Mwaka 2015, watafiti nchini Japani walibainisha protini mbili zilizopachikwa kwenye wavu: Atg39 na Atg40. Ya kwanza hukaa kwenye sehemu inayozunguka kiini. Ya pili hupatikana zaidi kwenye sehemu iliyo chini ya utando wa nje. Kila moja hushikana na Atg8, protini iliyo kwenye utando wa kifuko. Hivyo basi, kipande kilichoshikwa ndicho kitiwacho kifukoni. Seli isiyo na Atg39 hushindwa kustahimili njaa ya naitrojeni, ikafa mapema.

Fauka ya hayo, binadamu ana protini iitwayo FAM134B, ambayo kazi yake inashabihiana na ya Atg40. Jeni yake ikiharibika pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, neva za hisia hudhoofika. Mgonjwa huweza kujikata au kuungua mguu asihisi maumivu, na vidonda vikazidi bila yeye kujua.

Kwa mintarafu hiyo, tunapendekeza istilahi "kujila kwa kuchagua". Kiswahili kinao uwezo wa kulibeba jambo hili, ila istilahi ikiacha kutaja uchaguzi, itakuwa imeacha kiini cha maana. Seli huokoka kwa kujua ipunguze nini, na ibakishe nini.