Moyo Unaposikika kwa Mbali

Muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi husoma tarakimu nyingi kila saa, lakini tofauti iliyopo kati ya shinikizo la juu na la chini la damu husahaulika upesi. Shinikizo la 120/80 lina tofauti ya milimita 40 za zebaki. Hilo ndilo shinikizo la mapigo, nalo hudokeza kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kwa kila pigo. Likishuka chini ya robo ya shinikizo la juu, huhesabiwa kuwa finyu.

Mathalani, mgonjwa aliyejeruhiwa kifuani ana 118/78, baada ya saa moja 108/84, kisha 100/86. Pengine hakuna king'ora kilicholia. Hata hivyo tofauti imeshuka kutoka 40 hadi 24, kisha 14. Damu inayovujia katika mfuko uuzungukao moyo huubana usijae, na mwili hukaza mishipa ili kulinda shinikizo. Ndiyo maana tarakimu ya chini haishuki, na hata hupanda. Mililita 200 zikiingia ghafla zaweza kuua, ilhali majimaji ya kifua kikuu, yanayojikusanya polepole, huweza kuzidi lita moja kabla ya moyo kushindwa.

Hapo stethoskopu hupata kazi yake. Sauti ya kwanza, ya vali zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo, na ya pili, ya vali za mishipa mikuu, husikika hafifu, kana kwamba zatoka nyuma ya ukuta. Mwaka 1935 daktari mpasuaji wa Marekani, Claude Beck, aliiunganisha dalili hiyo na kushuka kwa shinikizo la damu na kuvimba kwa mishipa ya shingo. Wagonjwa wengi hawaonyeshi zote tatu. Aliyepoteza damu nyingi huenda shingo yake isivimbe kamwe. Tena mashine ya kupumulia ina kelele, na unyonge wa sauti hautambuliki bila cha kulinganishia. Kwa hiyo moyo husikilizwa mwanzoni mwa zamu, mgonjwa angali tulivu, na yaliyosikika huandikwa.

Tofauti pana, kama 150/50, huelekeza kwingine, hasa kwenye vali ya aota inayovuja.

Tofauti inapofinyaa mfululizo, daktari huitwa na ultrasaundi huletwa kitandani wakati shinikizo la juu lingali 100.